Gari la Bububu na Ramani ya Ngara

Mwalimu alikuwa akiichora ramani hiyo kwa chaki mbili: nyeupe kwa mipaka na maziwa, nyekundu kwa reli. Aliianza reli Dar es Salaam, akaupeleka mstari Morogoro, Dodoma, Tabora hata Kigoma. Kisha alirudi Kaliua, akauchepusha mmoja kwenda Mpanda, na Tabora akauchepusha mwingine kwenda Mwanza. Baadaye ulikuja mstari wa Tanga na Moshi unaoishia Arusha, na tangu katikati ya miaka ya 1970 akaongeza ule wa TAZARA unaoshuka kusini-magharibi kuelekea Zambia. Alipomaliza, kona moja ya ubao ilibaki nyeusi vilevile kama alivyoikuta asubuhi. Kona hiyo ndiyo Ngara na Biharamulo, nayo ndiyo aliyosimama ndani yake, chaki mkononi.

Kila mwaka, kwa miaka 38 ya kazi yake katika skuli za msingi za Ngara, palitokea mtoto mmoja wa kunyanyua kidole na kusema, "Mwalimu, ya kwetu hujaichora." Darasa zima likacheka, na mwalimu naye akacheka. Alistaafu mwaka 2009 bila ya kupata jibu lililomridhisha.

Yeye mwenyewe alifundisha habari za treni kwa kuziona mara moja tu. Mwaka 1969, akiwa kijana wa miaka 20, alisafiri kwenda chuo cha ualimu Tabora. Alipanda basi kupitia Biharamulo, akavuka ziwa kwa pantoni, akaingia Mwanza siku ya tatu, na hapo stesheni akaiona injini ya mvuke imesimama inapumua. Aliogopa, na hakuona haya kuwaambia wanafunzi wake kuwa aliogopa. Lakini alikuwa ameshazijua treni kabla ya hapo, kwa masikio.

Baba yake alikuwa mmoja wa wanaume wa Bugufi na Bushubi waliokwenda kukata mkonge. SILABU, shirika la wenye mashamba lililoundwa mwaka 1944 kwa ajili ya kutafuta vibarua, lilikuwa na mawakala wake huko magharibi. Mwaka 1952 baba akatia alama ya kidole, akapakiwa lori pamoja na wenziwe, wakapita mapori ya Biharamulo, wakafikishwa kwenye reli, wakapandishwa treni, wakateremshwa, wakapakiwa lori tena hata Korogwe. Alimwacha mtoto wa miaka mitatu. Aliporudi, mtoto alikuwa na miaka tisa, na akamwamkia kama anavyoamkiwa mgeni.

Jambo lililowapatanisha wawili hawa lilikuwa ni hadithi ya magari mawili ya moshi. La kwanza ni lile kubwa lililomchukua baba kutoka bara. Hilo alilieleza kwa maneno machache, kama mtu anavyoeleza ugonjwa uliokwisha pona. La pili lilikuwa dogo, lilikaa ndani ya shamba la mkonge, likivuta vitoroli vya majani juu ya reli nyembamba hadi penye korona, mashine ya kusagia majani ili yatoke nyuzi. Halikuwa na behewa la makaa wala la maji nyuma yake. Kila kitu lilikibeba lenyewe. Na halikugeuka kamwe: lilikwenda kwa uso na kurudi kwa mgongo. Dereva wake aliwafahamu vibarua kwa majina, akipunguza mwendo jioni ili waliochoka wadandie. "Lile kubwa, mwanangu, linakuchukua," baba alisema. "Lile dogo linakungoja."

Mtoto akayaweka maneno hayo, na baadaye, alipokuwa mwalimu, akayatafutia maana yake katika vitabu.

Ni kweli kwamba Ngara ilipata kuchorewa reli. Mwaka 1914 Bunge la Ujerumani liliidhinisha fedha za kujenga reli ya kutoka Tabora kwenda Ruanda, urefu wake ukikaribia kilomita 480, mwisho wake ukiwa kwenye kiwiko cha mto Kagera, upande ule ambako Ruvubu huungana nao na maji huporomoka Rusumo. Kazi ikaanza Tabora. Kabla mwaka haujakwisha vita vikazuka, na reli hiyo haikufika.

Vita vilipokwisha, Waingereza nao wakaja na ndoto yao, kubwa kuliko ya Wajerumani: reli ya kutoka Rasi ya Tumaini Jema hata Kairo, yote ndani ya ardhi yao. Katika mapatano ya mwaka 1919 kati ya Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji, Waingereza walijikatia Gisaka, yaani upande wa mashariki wa Rwanda, ng'ambo ya Kagera, ili reli hiyo ipate pa kupita magharibi ya Ziwa Viktoria. Watu wa Gisaka wakatengwa na Mwami wao kwa ajili ya treni ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikilia. Malalamiko yakawa mengi, na mwishoni mwa mwaka 1923 Gisaka ikarudishwa Rwanda. Bugufi, iliyokuwa ikihesabiwa chini ya Mwami wa Burundi, haikurudishwa. Ikabaki Tanganyika, na leo ndiyo nusu ya wilaya ya Ngara. Ikiwa hivyo, kwa miaka michache mstari mweupe wa ramani ulivutwa kwa ajili ya mstari mwekundu ambao haukupata kuvutwa. Mwalimu aliligundua hilo akiwa amekwisha kuchakaza chaki zisizohesabika.

Mwaka 2023 alikuja Unguja kumtazama binti yake, muuguzi, aliyekodi vyumba viwili Bububu. Jioni ya kwanza binti akamwambia kwa mzaha, akijua udhaifu wa babake: "Baba, hapa ulipokaa palikuwa na stesheni ya treni."

Mzee hakucheka. Alidhani anafanyiwa dhihaka, na asubuhi yake akataka apelekwe mjini akaone kwa macho yake.

Si wengi hata kati ya wenyeji wa visiwani wanaolikumbuka jambo hili ila kama kichekesho. Unguja ilitangulia kuwa na reli kabla ya nchi zote za jirani zake. Seyyid Barghash alijengewa njia ya reli kutoka kasri yake ya mjini hadi Chukwani mwaka 1879. Mwanzo mabehewa yake yalivutwa na nyumbu. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 ikaletwa injini ndogo ya mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall, Uingereza, yenye magurudumu manne na tangi lake la maji juu yake yenyewe. Lilikuwa gari la mfalme, la starehe. Barghash alipofariki mwaka 1888, nalo likafa pamoja naye, na chuma chake kikaenda kwenye chakavu.

Reli ya pili ilikuwa ya kila mtu. Kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney, ya New York, ilitandika maili saba za reli kutoka Ngome Kongwe mpaka kijiji cha Bububu, ikafunguliwa mwaka 1905, zama za Seyyid Ali bin Hamoud. Ngome ile ya kale ikageuzwa karakana na ghala. Nyumba kadhaa zilibomolewa ili reli ipite, kwani mitaa ya mji haikujengwa kwa kutarajia kitu kipana kuliko punda na mzigo wake. Palikuwa na behewa maalumu la daraja la kwanza kwa wageni wanaoteremka merikebuni kutaka kuiona nchi, lakini waliolijaza gari siku zote walikuwa watu wa mashamba na watu wa mji, na vikapu vyao. Malalamiko hayakukosekana: moshi majumbani, hatari kwa wapita njia, na cheche zinazotoboa nguo za watu. Mwaka 1911 serikali ikalinunua. Mwaka 1922 likaacha kuchukua abiria, likatumika kukokota mawe ya ujenzi wa bandari, na mwaka 1928 reli ikang'olewa.

Mwaka huohuo wa 1928, huko bara, reli ya Tabora ilifika Mwanza.

Mwalimu alisimama nyuma ya Ngome Kongwe kwa muda mrefu akitafuta japo taruma moja lililosahauliwa. Hakuna. Baada ya karakana, mahali pale palifanywa uwanja wa tenisi wa wanawake miaka ya 1940, kisha yakaja mengineyo. Vijana wauza picha walimfuata kwa Kiingereza, halafu walipomsikia akisema Kiswahili cha bara wakamwachia njia.

Inafaa kusema kidogo juu ya injini yenyewe, maana ndani yake ndimo fikra zote za mwalimu zilimozunguka. Injini za safari ndefu huburura nyuma yao behewa la makaa au kuni na maji. Bila ya hilo haziwezi kuvuka nyika. Kwa sababu ya mkia huo haziendi vyema kinyumenyume, na kila zinapofika mwisho wa njia hutafutiwa mahali pa kugeuzwa. Injini ya tangi haina mkia. Maji yake yamo ndani ya matangi yaliyopachikwa ubavuni mwa boila, au tangi moja lililokalia boila kama tandiko juu ya punda. Hivyo huenda na kurudi bila ya kugeuka. Na kwa kuwa uzito wa maji unayakandamiza magurudumu yenyewe, hushika reli barabara, husimama upesi na kuondoka upesi. Chombo kama hiki ndicho kinachofaa njia fupi yenye vituo vingi, na miji mikubwa ya dunia ililea vitongoji vyake kwa injini za namna hii. London ilikuwa nazo hata chini ya ardhi tangu miaka ya 1860, watu wakikohoa humo humo wakienda makazini, mpaka umeme ulipozitoa katika njia ya duara mwaka uleule wa 1905 ambao gari la Bububu lilianza kupiga mbinja. Bombay, ambayo babu zetu wa visiwani waliijua kuliko walivyoijua Tabora, ilipata treni yake ya kwanza ya abiria mwaka 1853, kutoka Bori Bunder hadi Thane, na ya umeme mwaka 1925.

Dosari yake ni moja. Maji yake ni machache, na kadiri yanavyopungua ndivyo inavyokuwa nyepesi na kupunguza mshiko. Haiwezi kwenda mbali na kisima chake. Wenye kuota Rasi na Kairo hawakuwa na haja nayo.

Wako wanaoapa kwamba jina la Bububu ni mlio wa gari lenyewe, bu-bu-bu. Ni hadithi tamu, na watembeza wageni wanaiuza kila siku. Lakini Bibi Salme, dada yake Barghash, ameitaja Bububu kwa jina lake katika kitabu alichokitoa Ujerumani mwaka 1886, na reli ilikuwa bado haijafikiriwa. Yaelekea zaidi kwamba ni sauti ya maji ya chemchem, na upande huo ndiko Barghash alikoyatoa maji ya kuwanywesha watu wa mjini. Jina la maji likaja kupewa moshi.

Ajuza mwenye nyumba, aliyepita miaka 90, hakulipanda gari hilo. Mama yake ndiye aliyelipanda. Mwalimu alikwenda kumwamkia barazani jioni ya pili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Mjukuu wangu, yule binti yako, kaniambia wewe umekuja kulitafuta gari la moshi."

"Ndiyo, bibi. Nimelitafuta mjini, sikuona hata msumari."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Utauona wapi? Chuma hakilali Unguja, kinaliwa na chumvi, na kisicholiwa na chumvi kinaliwa na watu." Kisha akaeleza. Mama yake, akiwa mtoto, alikuwa akifuatana na nyanya yake kupeleka tambuu mjini, zimefungwa ndani ya majani ya mgomba na kutiwa maji zisinyauke. Walitoka alfajiri na kurudi adhuhuri. Kabla ya gari walikwenda kwa miguu, wakifika tambuu zimekwisha kulegea, na mnunuzi akatoa bei ya kulegea. Mama alikuwa na leso yenye matundu mawili ya cheche, begani. Hakuitupa mpaka ilipochanika yenyewe.

"Na lilisimama wapi na wapi, bibi?"

"Eh, mwanangu! Lilisimama kwa watu. Mama akisema, ukichelewa ukapiga ukelele, na dereva yuko katika hali yake nzuri, husimama."

"Na lilipoondoshwa?"

"Walirudi kwenda kwa miguu. Kisha zikaja gari za njia." Akanyamaza kidogo. "Mama hakulisifu sana, usije ukadhani. Akisema linachafua, linanuka, na wale wazungu wa merikebu wakiwatazama kama samaki sokoni. Lakini tambuu zilifika mbichi."

Akamgeukia mgeni wake kwa swali ambalo mwalimu hakulitegemea: "Na nyinyi huko kwenu gari lenu linasimama wapi?"

Mwalimu akaeleza kwamba halipo. Bibi akastaajabu, kwa kuwa kila siku redioni anasikia habari za reli mpya ya bara. Hapo ikabidi aelezwe jiografia yote, na mzee akajikuta anachora tena, kwa kidole, juu ya simenti ya baraza: Isaka hapa, bandari ya nchi kavu, Kahama, halafu Nyakanazi na Lusahunga, wilayani Biharamulo, Nyakahura, Benaco, inayoitwa kwa jina la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara, na Rusumo mpakani. Kutoka Lusahunga hadi Rusumo ni kiasi cha kilomita 92. Usiku na mchana malori ya Rwanda na Burundi hupanda na kushuka humo. Kwa miaka mingi mabasi yalipita katika mapori ya Biharamulo kwa kusindikizwa na askari wenye bunduki, na abiria aliyewahi kulazwa kifudifudi na majambazi alisafiri tena wiki iliyofuata, kwa sababu mgonjwa hangoji.

Hakumweleza bibi habari za mwisho wa Aprili mwaka 1994, wakati takriban watu 250,000 walipovuka daraja la Rusumo ndani ya usiku na mchana mmoja wakikimbia mauaji ya Rwanda. Chakula chao kilikuja kwa treni hadi Isaka na kwa malori kutoka hapo. Mwalimu aliyaona malori hayo yakirudi matupu, akayasimamisha kuomba lifti ya kwenda kumtazama mkewe aliyelazwa mbali. Baadhi yao yalisimama.

Hivi sasa reli mpya ya umeme inachukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu mwaka 2024, na kipande cha Tabora na Isaka kimo katika orodha ya vinavyojengwa. Januari 2018 viongozi wa Tanzania na Rwanda walikubaliana reli itoke Isaka hadi Kigali kupitia Rusumo. Yakitimia hayo, mstari utapita Biharamulo na Ngara, zaidi ya miaka 100 baada ya ule wa Wajerumani. Mtu angedhani mwalimu atafurahi. Amefurahi, lakini furaha yake ina kibanzi ndani yake. Kila anaposoma gazeti anakuta tani: tani za shehena ya Kigali, tani za nikeli ya Kabanga, saa zitakazookolewa kutoka bandarini. Hajakuta mahali palipoandikwa kwamba mama wa Nyakahura mwenye mkungu wa ndizi atapandia wapi na atateremkia wapi. Dar es Salaam, treni ya abiria wa mjini ilipoanza Oktoba 2012, ile ambayo watu waliibandika jina la waziri wake Mwakyembe, haikujengewa reli mpya. Zilitumika zilezile kuukuu, vikawekwa vituo karibukaribu na mabehewa yakafunguliwa milango asubuhi na jioni. Yaani jambo hilo linawezekana ambako mtu amelifikiria. Na haliji lenyewe kwa sababu tu reli imepita, kama ambavyo maji hayaingii nyumbani kwa sababu tu bomba limepita barazani.

Hoja hii itajibiwa kwamba Ngara si mji, na treni ya vitongoji hutaka mji. Bububu nayo ilikuwa mji? Kilikuwa kijiji cha mashamba chenye tambuu, na Wamarekani, ambao hawakuja kufanya sadaka, waliona faida ya kutandika maili saba kukifuata. Faida hiyo haikudumu, ni kweli. Barabara na motokaa vililishinda gari la moshi katika muda wa miaka 17. Mwalimu analijua hilo na haliepuki. Anasema tu kwamba kushindwa na basi baada ya kuchukua watu ni aina moja ya kushindwa, na kupita bila ya kusimama ni aina nyingine.

Siku ya kuondoka alipanda daladala namba 502, kikapu cha ndimu alichopewa na bibi kikiwa mapajani. Alitoa daftari na kalamu. Alitaka kuhesabu mara ngapi chombo hiki kitasimama baina ya Bububu na Darajani, ili akifika kwao aigawe hesabu hiyo katika kilomita 92 za Lusahunga na Rusumo na kuipeleka kwenye mkutano wa kata. Mpaka Mtoni alikuwa amefika 11. Hapo akapanda mwanamke mwenye ndoo mbili za samaki na mtoto mgongoni, konda akamwomba mwalimu ashike ndoo moja, na hesabu ikapotea.